Mvemba a Nzinga, mufalme wa Kongo: majina mawili na ngao yenye mugogoro

Huku Butembo na Beni, karani wa biro ya eta-sivile anajua taabu ya majina. Paluku ao Mumbere ni mutoto mwanaume wa kwanza, Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa ine. Masika ni binti wa kwanza. Nyumba nyingi zinafuata utaratibu ule ule, na njo maana kwenye orodha moja ya masomo unaweza kukuta akina Kambale wengi wamepangana. Jina la pili, lile watu wanaita post-nom, pamoja na la ubatizo, ndiyo yanasaidia kujua huyu ni nani na yule ni nani.

Ulaya ya zamani nayo ilikuwa na makarani wa kazi hiyo, tena wakali. Hawakuangalia majina tu. Waliangalia nembo, yaani ile alama inayochorwa juu ya ngao ya mufalme ao ya familia kubwa, ili hapana mutu abebe alama ya mwenzake. Nembo mupya ilipoletwa, walifungua vitabu vyao na kulinganisha: je, kuko mwingine mwenye simba kama huyu, ao musalaba wa rangi hii? Mwanzoni mwa karne ya 16, mufalme mumoja wa Kongo aliingizwa katika vitabu vile. Jina lake la kuzaliwa ni Mvemba a Nzinga. Dunia inamujua zaidi kama Afonso wa Kwanza.

Makao yake makubwa, Mbanza Kongo, leo iko kaskazini ya Angola, mbali sana na Kivu. Lakini ufalme wake ulifika paka sehemu za jimbo la Kongo-Central, na jina la ufalme ule ndilo lilipewa muto mukubwa, kisha inchi yote, pamoja na sisi wa mashariki ambao mababu zetu hawakuwahi kumulipa kodi.

Jina kutoka Lisbon

Katika desturi ya Wakongo, Mvemba a Nzinga ni Mvemba wa Nzinga. Baba yake aliitwa Nzinga a Nkuwu, yaani Nzinga wa Nkuwu. Jina la pili linaonyesha baba, na kwa wenyeji lilitosha. Cheo cha mufalme kilikuwa mwene Kongo. Wareno walisikia vibaya kidogo wakaandika Manikongo. Neno lile mwene ni ndugu wa neno mwenye la Kiswahili.

Merikebu za Ureno zilifika kwenye mudomo wa muto Kongo karibu na mwaka 1483, zikiongozwa na Diogo Cão. Wakongo wachache walipelekwa Lisbon, wakajifunza luga, wakarudishwa. Mwaka 1491 walikuja mapadri pamoja na mafundi wa mawe na wa mbao, na hapo ubatizo wa wakubwa ukaanza.

Wa kwanza alikuwa mutawala wa Soyo, kule kwenye bahari. Alibatizwa siku ya Pasaka akapewa jina Manuel, jina la ndugu ya malkia wa Ureno. Mwezi wa tano, mufalme Nzinga a Nkuwu akabatizwa naye, akaitwa João, kwa sababu mufalme wa Ureno wakati ule alikuwa João wa Pili. Bibi yake mukubwa akaitwa Leonor, kama malkia wa Lisbon. Na mutoto wao Mvemba akaitwa Afonso, jina la mutoto mufalme wa Ureno aliyengojea kurithi kiti. Kwa kifupi, nyumba ya kifalme ya Mbanza Kongo ilivikwa majina ya nyumba ya Lisbon, kichwa kwa kichwa.

Hapo hapana mutu aliyelalamika kwamba majina yanagongana. Jina la ubatizo si mali ya mutu mumoja, na jina la inchi lilifanya kazi ya post-nom: João wa Ureno, João wa Kongo. Lakini kuchagua kwenyewe kulikuwa na siasa ndani yake. Mwenye kukupa jina la baba yake anasema kwamba wewe ni ndugu. Ao anasema kwamba wewe ni mutoto wake. Ile tofauti haikuandikwa popote mwaka 1491, na ilimusumbua Afonso maisha yake yote.

Mwezi wa saba wa mwaka ule ule, Afonso wa Ureno alianguka na farasi karibu na muto Tagus, akafa. Habari zilikwenda pole pole wakati ule. Huku Kongo walikuwa wangali wanajifunza kutamka jina lake, na yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Vita ya ndugu

Mapenzi ya mufalme João wa Kongo kwa dini mupya yalipoa haraka. Mapadri walitaka aache mabibi wengi abaki na mumoja, jambo ambalo kwa mufalme wa Kongo halikuwa la chumbani tu: kila bibi alikuwa kamba inayofunga ukoo fulani na kiti cha ufalme, na kumufukuza ni kukata kamba. Afonso, yeye, hakurudi nyuma. Alikaa Nsundi, jimbo alilopewa kutawala, pamoja na mapadri waliobaki, akisoma. Wapinzani wake kwenye makao ya baba walimusema vibaya, na kuko wakati ambapo karibu angepoteza jimbo lenyewe.

Baba alikufa karibu na mwaka 1506. Wasomi wengine wa leo wanaweka 1509. Kwa Wakongo, kiti hakikwenda chenyewe kwa mutoto wa kwanza. Wakubwa walichagua kati ya watoto wa mufalme, na wengi walimuelekea Mpanzu a Kitima, ndugu ya Afonso kwa baba. Hapo mama yake Leonor ndiye alifanya kazi kubwa. Alificha habari za kifo kwa siku chache, akatuma wajumbe mbio paka Nsundi, ili mutoto wake aingie muji mbele ya wengine. Miaka mingi baadaye, masimulizi yatasema kwamba Afonso alimuzika mama yule yule akiwa hai kwa sababu alikataa kutupa hirizi yake. Hadizi ile ilitokea zaidi ya miaka 100 baada ya wote wawili kufa. Barua za Afonso mwenyewe zinaonyesha mama aliyemusimamia.

Vita ilipigwa Mbanza Kongo. Kufuatana na maelezo ya Afonso, yeye alikuwa na Wakristo wasiofika 40, na Mpanzu alikuwa na jeshi kubwa nje ya muji. Mara watu wa Mpanzu wakaanza kukimbia bila sababu iliyoonekana. Walipoulizwa, walisema kwamba waliona musalaba mweupe mbinguni, na Mutakatifu Yakobo pamoja na wapanda farasi wengi wenye silaha wakiwajia. Mpanzu akashindwa akapoteza maisha yake. Afonso akakaa kwenye kiti.

Mutu wa leo atauliza kama mambo yale yalitokea kweli. Kwa kazi ya ufalme, swali lilikuwa lingine. Afonso alikuwa amemushinda ndugu yake, na wakubwa wengi hawakumupenda. Alihitaji sababu iliyo juu ya mabishano ya ukoo, na sababu ile ilitoka mbinguni. Kuanzia hapo sikukuu ya Mutakatifu Yakobo, tarehe 25 ya mwezi wa saba, ikawa siku kubwa ya ufalme: siku ya watawala wa majimbo kuja na kodi zao na kuonyesha utii. Ilidumu hivyo kwa vizazi.

Makarani wa nembo

Kule Lisbon, João wa Pili alikuwa amekufa mwaka 1495 na Manuel wa Kwanza alitawala. Mufalme huyu alikuwa na ugonjwa wa nembo, kama mutu anavyoweza kuwa na ugonjwa wa mupira. Wakati wake watu wengi walikuwa wanajichorea ngao wanavyotaka, na mwenye kutajirika kwa biashara ya bahari alijipachika alama za ukoo wa watu. Manuel aliweka sheria, akaamuru nembo zote zikusanywe, zichunguzwe, ziandikwe. Mwaka 1509 João do Cró alimaliza kitabu kikubwa cha nembo. Kati ya 1515 na 1518 hivi, ndani ya jumba la kifalme la Sintra, dari ya chumba kizima ilichorwa nembo za familia 72 zilizopata nafasi. Familia isiyokuwa juu ya dari ile ilijua kwamba imeachwa nje.

Mukubwa wa kazi ile aliitwa mufalme wa nembo, ingawa hakutawala hata kijiji. Kazi yake ilikuwa ya karani: kuandika, kulinganisha, kukataa. Katika familia moja, kichwa cha ukoo peke yake alibeba ngao kama ilivyo. Wadogo zake walipashwa kuongeza alama ndogo, ndege ao nyota, ili wasichanganywe naye. Mwenye kubeba nembo isiyo yake aliweza kuazibiwa. Na mutu aliyefanya kazi kubwa kwa mufalme aliweza kupewa ruhusa ya kuweka ndani ya ngao yake kipande cha nembo ya mufalme mwenyewe, vile ngao ndogo za buluu za Ureno. Vasco da Gama alipata heshima ile baada ya kufika India. Ile habari ya ngao ndogo za buluu, ukumbuke, maana itarudi.

Mwaka 1512, Manuel alimutuma Simão da Silva kwa mufalme wa Kongo akiwa na maagizo marefu. Ndani yake mulikuwa namna ya kuhukumu kesi kwa sheria za Ureno, vyeo vya wakubwa, bendera, muhuri, na nembo mupya kwa Afonso pamoja na zingine za kugawia wakubwa wake. Mulikuwa pia ombi lisilofichwa sana: meli zisirudi mikono mitupu, zijazwe shaba, pembe za ndovu na watumwa. Simão da Silva aliuawa na homa mbele ya kufika Mbanza Kongo, lakini mizigo ilifika.

Nembo ya Afonso ilikuwa hivi. Uwanja wa ngao ni nyekundu, na ndani yake kuko mikono mitano iliyovaa chuma, kila mumoja umeshika upanga. Juu kuko sehemu ya buluu, ile ya mbingu, yenye musalaba wa feza, na pembeni yake magamba ya kombe ya zahabu. Kombe ni mnyama mudogo wa baharini, na gamba lake ni alama ya Mutakatifu Yakobo. Chini kabisa, kwenye sehemu ya feza, kuko ngao moja ndogo ya buluu ya Ureno, na kila upande wake sanamu nyeusi iliyovunjika.

Ngao nzima inasimulia ile vita: mbingu, musalaba, Yakobo, mikono yenye silaha. Kwa upande wa makarani wa Lisbon, kazi haikuwa ngumu. Katika vitabu vyao hapakuwa mwingine mwenye mikono mitano ya namna ile na sanamu mbili nyeusi. Mwenye macho makali angeona tu kwamba buluu imekaa juu ya nyekundu, kitu ambacho desturi ya nembo kwa kawaida haipendi, maana rangi nzito hailali juu ya rangi nzito. Iliachwa ipite. Haikufanana na nembo ya mutu, na hilo ndilo walilotafuta.

Jambo ambalo vitabu havikuonyesha

Lakini mugogoro wa nembo hauko tu kati ya ngao na ngao. Zile sanamu mbili zilizovunjika, kwa Lisbon, zilikuwa alama ya upagani kushindwa, basi. Kwa Mbanza Kongo zilikuwa na majina ya watu nyuma yake. Waliomusimamia Mpanzu ndio waliochunga minkisi, vitu vya nguvu vya mababu, na watoto wao walikuwa wangali hai, wengine wakitawala vijiji na majimbo. Mufalme aliposimamisha ngao ile mbele ya watu, nusu ya inchi iliona kushindwa kwake kumechorwa kwa rangi nyeusi, chini ya mikono ya wengine. Hapana karani wa Ureno aliyeweza kuona kitu kile ndani ya kitabu chake.

Ile sehemu ingine, ya mikono na panga, iliingia vizuri zaidi. Masimulizi ya Wakongo yanasema kwamba mufalme wa kwanza alikuwa mufua chuma, na chuma kilikuwa alama ya utawala miaka mingi mbele ya wazungu kuja. Mukongo hakuhitaji padri wa kumueleza mukono unaoshika chuma maana yake nini. Inaonekana Afonso alijua kuchagua: alipokea alama ya mugeni pale ilipokutana na ya kwao. Alifanya vile vile na jina. Wakongo walilimeza Dom Afonso likawa Ndofunsu, kama Dom Sebastião alivyokuja kuwa Ndombasi. Mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo na kila mutu akatafuta jina la mababu, majina kama Ndombasi yalionekana ya kikwetu kabisa. Kumbe yalikuwa yametoka kwenye maji ya ubatizo, miaka mingi mbele.

Kisha kuko ile ngao ndogo ya buluu. Kama Vasco da Gama, mutumishi, alipewa alama za Ureno ndani ya ngao yake, Afonso naye alipewa kama nani? Manuel katika barua alimuita ndugu, namna wafalme wanavyoitana. Lakini tangu João wa Pili, wafalme wa Ureno walijiita pia mabwana wa Guinea, na neno Guinea halikuwa na mupaka unaojulikana upande wa kusini. Mutu wa Lisbon aliweza kusoma ngao ile na kuona mufalme aliye chini ya mufalme wake. Afonso aliisoma kinyume: zawadi kutoka kwa mukubwa mwenzake. Alitia sahihi barua zake kama mufalme, alihesabu inchi zilizokuwa chini yake, na maagizo ya 1512 juu ya sheria za Ureno aliyasoma, akachukua kidogo, mengine akayaacha.

Hata cheo cha mutoto wake kilipita kwenye uchunguzi wa namna hii. Henrique alipelekwa Ureno akiwa kijana mudogo akasoma kwa mapadri. Mwaka 1518, kwa ombi la Manuel, Papa Leo wa Kumi alikubali awe askofu. Lakini askofu anapashwa kuwa na jimbo lake, na majimbo mawili ya askofu hayawezi kukaa mahali pamoja, kama vile kuko askofu mumoja tu wa Butembo-Beni. Kongo ilihesabiwa kuwa chini ya jimbo la Funchal, kisiwani Madeira. Basi Henrique alipewa jina la Utica, muji wa zamani wa Afrika ya kaskazini uliokufa kitambo, usio na waamini wala kanisa. Jina halikugongana na la mutu. Alirudi Kongo mwaka 1521 akiwa Mukongo wa kwanza kuwa askofu, mwenye jimbo la magofu kwenye kartasi, na alifanya kazi kwa baba yake paka alipokufa karibu na mwaka 1531. Afonso alitaka Kongo iwe jimbo lenyewe. Hakulipata.

Alama ya moto

Mwaka 1526 Afonso alikuwa muzee, na taabu ilikuwa ingine. Wachuuzi Wareno, wengi wakitokea kisiwa cha São Tomé, walikuwa wamejaa ndani ya inchi na bidhaa zao. Ieleweke vizuri: Afonso hakukataa utumwa wote. Alikuwa na watumwa, alituma watumwa Lisbon, alilipa nao. Lakini aliushika kwa sheria: watu waliotekwa vitani ao waliohukumiwa waliuzwa, mutu huru wa Kongo hakuuzwa. Sheria ile ilikuwa imevunjika. Katika barua zake za mwaka ule kwa mufalme João wa Tatu wa Ureno, alieleza kwamba watu wake wanaibiwa, hata watoto wa wakubwa na ndugu za mufalme, na inchi inabaki tupu. Aliomba aletewe mapadri na waalimu wachache, dawa na waganga, divai na unga kwa ajili ya misa. Bidhaa zingine hakuzitaka.

Kuko jambo moja katika barua ya mwezi wa kumi ambalo linasimama peke yake. Aliandika kwamba mutu akiisha kuingia mikononi mwa wachuuzi, wanamutia alama kwa chuma cha moto palepale. Kisha walinzi wa mufalme wakimukuta kwenye njia ya kwenda merikebuni, wachuuzi wanasema wamemununua, lakini hawawezi kusema wamemununua kwa nani. Alama imekwisha kuwekwa, na mwenye alama ndiye anahesabiwa mwenye mali. Ilikuwa kazi ile ile ya nembo, kuonyesha kitu ni cha nani, isipokuwa hapa ngao ni ngozi ya mutu na hapana karani wa kulinganisha.

Basi Afonso aliweka makarani. Aliamuru kwamba muzungu yeyote anayetaka kununua mutu awajulishe kwanza watu watatu: Dom Pedro Manipunza, Dom Manuel Manissaba na Gonçalo Pires. Wao ndio wangechunguza kama mutu yule ni mutumwa kweli ao ni mutu huru aliyeibiwa. Hapana kuuza mbele ya wao kuona. Tazama majina ya wale wawili wa kwanza: la ubatizo mbele, cheo cha Kikongo nyuma, mutu amesimama katika sheria mbili.

Biro ile haikuzima biashara. Lisbon ilijibu kwamba Kongo haina kitu kingine cha kuuza chenye faida. Wakongo wenyewe, na wakubwa kati yao, walikuwa ndani ya biashara. Kilichotokea ni kwamba watumwa wengi zaidi walianza kununuliwa kwenye masoko ya mbali ndani ya bara, nje ya mipaka ya ufalme, na Mukongo huru alipata kinga kidogo. Wale wa mbali hawakuwa na mutu wa kuwauliza majina yao.

Mwisho wa muzee

Karibu na mwisho wa maisha yake, siku ya Pasaka, Wareno fulani pamoja na padri mumoja walimupigia bunduki ndani ya kanisa, wakati wa misa. Alipona. Alilalamika kwa mufalme wa Ureno kwa barua, kama siku zote. Barua zake nyingi ziliandikwa na João Teixeira, Mukongo aliyesoma kwenye masomo ya mufalme, kwa Kireno kizuri.

Alikufa mwisho wa mwaka 1542 ao mwanzo wa 1543, baada ya kutawala zaidi ya miaka 30. Mutoto wake Pedro alirithi, lakini hakukaa hata miaka mitatu: Diogo, mujukuu wa Afonso, alimuondoa mwaka 1545, na Pedro akakimbilia kanisani. Mabishano ya ukoo yalirudi, sasa kati ya watu wenye majina ya ubatizo pande zote. Kulifika wakati ambapo wafalme wa Kongo walikuwa na akina Afonso, Pedro na Álvaro wengi kiasi kwamba namba pekee ndizo zinasaidia kuwatenganisha.

Ngao ilidumu, kwenye mihuri ya wafalme waliofuata, ikibadilishwa hapa na pale. Katika karne ya 17 wafalme wa Kongo walikuwa wanagawia hata heshima ya Chama cha Kristo, chama cha mashujaa ambacho mukubwa wake wakati ule alikuwa mufalme wa Ureno. Lisbon ilikasirika, ikasema kwamba cheo kile si chao kutoa. Wakongo waliendelea kukitoa.

Mbanza Kongo iliandikwa mwaka 2017 na UNESCO kati ya mahali pa urizi wa dunia. Kanisa la zamani limebaki kuta. Nembo yenyewe iko ndani ya kitabu kilichochorwa na António Godinho mbele ya nusu ya karne ya 16, kinachochungwa leo Torre do Tombo, nyumba ya kartasi za taifa la Ureno, mujini Lisbon. Jina lililoandikwa ni Manikongo. Mikono mitano ingali imeshika panga zake, na chini, kila upande wa ile ngao ndogo ya buluu, sanamu nyeusi zingali zimevunjika.